Mtoto wa nani? Ndoa, uzazi na kabila Lubumbashi, nchi inapotikisika

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, vumbi la kiangazi likiwa bado jekundu juu ya majani ya miembe, nilikaa kwenye ua mmoja wa mtaa wa Katuba kuwasindikiza jirani zangu waliokwenda kutoa mali. Hapa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, mahari tunayaita hivyo, mali. Kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri. Suti ya baba ilipimwa kwa macho ikakubaliwa. Kikwembe cha mama, yaani kitenge chake, kilikunjuliwa, bamama wakakisugua kwa vidole kuona kama rangi inatoka. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza, anatafuna ganda la ndizi. Dola zilihesabiwa mara mbili, noti moja iliyochanika pembeni ikarudishwa, tukachangishana kuleta nyingine.

Kisha mjomba wa binti, mzee wa kabila la Babemba ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akauliza: “Na bale batoto, batakuwa ba nani?”

Mzee wa upande wetu, Muluba wa eneo la Kasai, alijibu papo hapo: “Mutoto njo wa baba,” yaani mtoto ni wa baba.

Mjomba akatazama chini. “Kwetu,” akasema, “mutoto njo wa mama.”

Hakuna aliyepaza sauti. Lakini ua mzima ulinyamaza, hata vijana waliokuwa wanashusha makreti ya vinywaji walisimama. Nimekuwa nikiufikiria ukimya ule kwa muda mrefu, maana ndani yake mna jambo ambalo watu wa mji huu hulizungumza kila siku na kulielewa vibaya: kwa nini makabila yanaoana na kuzaa kwa namna tofauti, na kwa nini tofauti hizo hujitokeza zaidi wakati nchi inapoharibika.

Kwenye basi na sokoni utasikia majibu mepesi. Bakasai wanazaa sana, ndiyo tabia yao. Babemba hawashiki ndoa. Wale wanaotoka kaskazini wanaoza mabinti wakiwa wadogo. Kila sentensi ya namna hii inalichukua kabila kana kwamba ni damu, na damu ndiyo inayoamua tumbo la mwanamke lizae mara ngapi. Mimi nakataa, na sikatai kwa sababu ya upole. Nakataa kwa sababu ukifuatilia mambo yenyewe, hatua kwa hatua, kabila linafanya kazi kupitia milango inayoonekana: mtoto anahesabiwa upande gani, nani anatoa mali na kiasi gani, binti amesoma hadi wapi, na juu ya yote, mtikisiko uliikuta familia imesimama wapi.

Tuanze na swali la mjomba, kwa kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kusini mwa Katanga tuko katika nchi ya uzao wa mama. Kwa Babemba, Balamba, Basanga, Baushi na Bakaonde, mtoto huingia katika ukoo wa mama yake, ule ambao Babemba wanauita umukowa, na mwanamume mwenye sauti juu yake ni mjomba. Zamani bwana harusi wa Kibemba hakuleta mali nyingi. Alileta mikono yake. Alihamia kijijini kwa wakwe, akakata miti, akalima, akajenga, na baada ya miaka kadhaa ndipo aliporuhusiwa kuondoka na mke wake. Vitu alivyotoa vilikuwa vichache kwa sababu havikuhamisha watoto. Watoto walibaki walipokuwa.

Baluba, wa Kasai na wa Katanga, na Basongye pia, ni watu wa uzao wa baba. Mali kwao ni mzigo wa kweli, mbuzi na fedha, kwa sababu inahamisha kitu kikubwa: watoto wote wa mwanamke huyo wanaandikwa upande wa mume, wanabeba majina ya ukoo wake, na hata mume akifariki, ndugu zake bado wana neno juu yao. Ndoa ikivunjika, watu wanaanza kudaiana mali.

Sasa fikiria mshahara umekatika, kama ulivyokatika hapa. Pale ambapo mali ni kubwa na ndiyo inayomfanya mtoto awe wako, kijana asiye na fedha anasubiri, au anamchukua binti bila kutoa kitu na kuishi naye katika hali ambayo wazee hawaitambui. Pale ambapo mali ni ndogo na mtoto ana ukoo wake kwa mama hata baba akiwa mtupu, binti anaweza kuzaa nyumbani kwao bila mtoto huyo kuwa bila kwao. Mtu wa nje akihesabu, ataandika kwamba kabila hili lina ndoa chache na lile lina ndoa za kuchelewa. Atakuwa amehesabu sawasawa. Lakini asipojua mali inafanya kazi gani, ataita tabia kitu ambacho ni hesabu ya fedha.

Niongeze kwamba mjini mambo haya yamechanganyika sana. Siku hizi familia ya Kibemba katika mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo inaweza kutoa orodha ya mali ndefu kuliko ya Baluba, na wazee wenyewe wanalalamika kwamba wamejifunza ulafi kwa jirani. Desturi ya kijijini haifiki Lubumbashi ikiwa nzima. Inafika ikiwa vipande, na kila familia inachagua kipande kinachoifaa.

Kuna mkono mwingine ulioziunda familia za mji huu, na mkono huo haukuwa wa kabila lolote. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, mji wenyewe 1910. Miaka ya mwanzo kampuni ililetewa wanaume peke yao, wengi kutoka mbali, hata kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Walikufa wengi, na waliobaki hai walirudi kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 mabwana wa kampuni walipiga hesabu, wakaona mfanyakazi mwenye mke anakaa, na mfanyakazi anayekaa ni bei nafuu kuliko kuajiri mpya kila mwaka. Basi wakaanza kupendelea waliooa. Wakawakopesha vijana mali ya kuoa. Wakajenga vyumba vya kuzalia na vituo vya kupimia watoto uzito. Reli ya kuelekea Ilebo, wakati huo Port-Francqui, ilipokamilika 1928, watu wa Kasai wakashuka kwa wingi, na wengi wao walikuwa wameshapita shule za misheni.

Katika kambi za kampuni, posho ilitolewa kwa mume, kwa mke, na kwa kila mtoto aliyeandikwa. Mtoto mpya alimaanisha unga zaidi. Mke aliyetambuliwa alikuwa mmoja tu. Na hapa pana jambo ambalo watu hulipita haraka: kwenye daftari la kampuni, kichwa cha nyumba alikuwa baba, kila nyumba, bila kujali wewe ni Muluba au Mulamba. Mjomba hakuwa na mstari wake kwenye daftari lile. Kampuni iliwafanya watoto wa makabila yote kuwa watoto wa baba, miaka mingi kabla ya sheria ya nchi kufanya hivyo. Wazee wa Gécamines, kampuni iliyorithi ile ya Wabelgiji baada ya kutaifishwa 1967, bado wanasema “kazi njo baba, kazi njo mama.” Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, amekusanya kumbukumbu za wafanyakazi hao kwa miaka mingi, na ukizisikiliza unaelewa kwamba msemo ule haukuwa sifa tupu. Kampuni ilikuwa inalea kweli.

Kwa hiyo sifa ya “watu wa Kasai wanazaa sana” tuipime kwa mizani hiyo. Wengi wao walikuwa kambini, ndani ya ndoa iliyoandikwa, karibu na hospitali, na kila mtoto alikuja na posho yake. Mtu yeyote aliyewekwa mahali pale angezaa sana.

Tuna ushahidi wa namna nyingine, wa zamani, ambao kila anayependa kuzungumzia damu na kabila angepaswa kuujua. Kati ya 1955 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya uchunguzi mkubwa wa watu nchini Kongo, na mtaalamu wa takwimu Anatole Romaniuk akauchambua. Aliona tofauti za kutisha kati ya makabila. Baluba wa Kasai na watu wa Kivu walikuwa na watoto wengi. Lakini kaskazini na katikati, kwa Bamongo wa Tshuapa na kwa watu wa Uele, palikuwa na sehemu ambapo karibu mwanamke mmoja kati ya watatu alifika uzeeni bila kuzaa hata mara moja. Maelezo yalikuwepo tayari: hawa wamekata tamaa, hawa ndoa zao hazina nidhamu, hawa wanatumia dawa za miti. Romaniuk alionyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa magonjwa ya zinaa, kisonono hasa, yanayoziba mirija ya uzazi. Tshuapa na jirani zake ni nchi iliyopigwa na unyanyasaji wa mpira wa wakati wa Leopold II, watu wakihamishwa, wakilazimishwa kazi, nyumba zikivunjwa. Penisilini ilipoenea, watoto wakaanza kuzaliwa. Kabila halikubadilika. Sindano ilifika.

Nimekaa na mfano huu kwa makusudi, kwa sababu unatufundisha kuangalia nyuma ya jina la kabila kabla ya kulilaumu au kulisifu.

Sasa turudi nyumbani, kwenye miaka ambayo wengi wetu tunaikumbuka wenyewe. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba takriban tani 476,000. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Septemba 1991 askari walipora miji. Kufikia 1994 shaba ilikuwa imeshuka hadi tani takriban 30,000. Mishahara ilichelewa mwezi, kisha miezi, kisha watu wakaacha kuhesabu. Posho ikapungua ikaisha. Na mwaka 2003, katika mpango uliopewa fedha na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini kwa mkupuo mmoja, wakiitwa waliojitolea kuondoka.

Mtoto aliyekuwa anakuja na unga sasa alikuwa anakuja na njaa. Bamama walishika nyumba: wengine waliuza mikate na mkaa mbele ya mlango, wengine walipanda magari kwenda mpakani, Kasumbalesa, kuleta unga wa Zambia. Kijana ambaye miaka ya 1970 angeajiriwa akiwa na miaka 20 na kutoa mali ndani ya miaka miwili, sasa alikuwa na miaka 30 na bado analala sebuleni kwa wazazi.

Kipigo hicho kiliwafikia wote, lakini hakikuwakuta wote mahali pamoja. Kwa Bakasai kiliambatana na kingine.

Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Muluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku kwetu, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama cha UFERI walikuwa wameshaanza kuwaita Bakasai “bilulu”, wadudu. Likasi ikawaka, kisha Kolwezi 1993. Nyumba zilichomwa, watu wakafukuzwa kazini na majumbani, wakakimbilia stesheni. Familia zilikaa kwenye majukwaa ya reli kwa wiki na miezi, chini ya maturubai, zikisubiri treni ya kuelekea Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi. Watoto walizaliwa pale pale. Watu wengi walikufa, wadogo zaidi kuliko wakubwa. Walioondoka walikuwa mamia ya maelfu, na wengi wao walizaliwa Katanga na hawakuwa wameiona Kasai hata siku moja.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1959 na 1960 Baluba walikuwa wamefukuzwa Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga, katika ugomvi na Balulua. Wakati Katanga ya Moïse Tshombe ilipojitenga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, makumi ya maelfu ya Baluba walijikusanya katika kambi hapa Élisabethville chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Na angalia jinsi mstari wa kabila unavyosogea: mwaka 1961 Balubakat, Baluba wa kaskazini ya Katanga, walikuwa upande wa wanaowindwa pamoja na wenzao wa Kasai. Mwaka 1992 Kyungu, naye Mulubakat, alikuwa anaongoza msako. Lugha zao ni ndugu, majina yao mengi ni yale yale. Kama kabila lingekuwa damu, damu ile ingebaki upande mmoja.

Ndoa za mchanganyiko ndizo zilizopasuka vibaya zaidi, na hapa hesabu ya ukoo inakuwa jambo la kufa na kupona. Baba akiwa Muluba wa Kasai na mama akiwa Musanga, mtoto ana pande mbili zinazomdai: kwa baba ni mtoto wa baba, kwa mama ni mtoto wa mama. Wakati wa amani hiyo ni baraka, sikukuu mara mbili. Wakati wa msako, anayemtafuta anamwita Mkasai, na wajomba wanasema huyu ni wa kwetu, asiguswe. Kuna watoto waliopona kwa neno hilo. Geuza sasa. Baba Musanga, mama Muluba wa Kasai. Kwa desturi ya baba, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa desturi ya mama, mtoto ni wa ukoo wa baba. Pande zote mbili zinaweza kumwelekeza kwa mwenzake, na mtoto anasimama katikati akiwa amehesabiwa na wote na hana mtu. Ukioa au kuolewa katika mji wenye kumbukumbu ya namna hiyo, huwezi kuliweka hilo pembeni. Baadhi ya familia za Kasai zilizorudi baada ya 1997 ziliwaambia watoto wao waziwazi: oeni kwetu. Nyingine zilisema kinyume, tafuta mke wa hapa, ili wajukuu wawe na ardhi ya kusimama.

Na kuzaa je? Mwaka 1969 wanasosholojia wawili wa Marekani, Calvin Goldscheider na Peter Uhlenberg, walitoa wazo ambalo bado linajadiliwa. Waliona kwamba Wayahudi, Wajapani na Weusi wa Marekani waliosoma walikuwa na watoto wachache kuliko watu wa kundi kubwa wenye elimu na kipato kilekile. Maelezo yao: mtu wa kundi dogo anayetaka kupanda lakini anaona mlango unaweza kufungwa wakati wowote, anapunguza mzigo. Anawekeza kwa watoto wachache. Wengine wakajibu kwamba hofu inaweza kusukuma upande wa pili pia, kundi likizaa zaidi ili lisipotee. Mimi nimeona yote mawili katika nyumba moja ya Ruashi. Ndugu wawili wa tumbo moja, wote walikaa stesheni ya Likasi wakiwa vijana. Mkubwa ana watoto tisa, anasema jina la baba yake haliwezi kufutwa na treni. Mdogo ana watatu, wote amewasomesha kwa gharama ya nyumba na gari, kwa sababu diploma, anavyosema, haibaki kwenye jukwaa mtu akikimbia. Kabila moja, baba mmoja, kipigo kimoja. Wewe ungeandika nini mbele ya neno “Muluba”?

Nchi nyingine zimepita humo. Ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989, Ujerumani Mashariki ilikuwa na wastani wa watoto karibu 1.6 kwa mwanamke. Mwaka 1994 wastani ulikuwa chini ya 0.8. Watu hawakuwa wamechukia watoto ghafla. Walikuwa wanasubiri kuona kazi ipo au haipo, na baadaye wengi walizaa. Wataalamu wa idadi ya watu wanatenganisha mambo haya mawili, kuzaa wachache na kuzaa baadaye, kwa sababu kwenye takwimu za mwaka mmoja yanafanana kabisa. Kazakhstan, baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwisho wa 1991, iko karibu zaidi na hali yetu kwa kuwa humo kulikuwa na makundi mawili makubwa, Wakazakh na Warusi. Umaskini uliwapiga wote na uzazi ukashuka kwa wote, hadi takriban watoto 1.8 kwa mwanamke mwaka 1999. Lakini Mkazakh alikuwa ameamka akiwa mwenye nchi, na Mrusi alikuwa ameamka akiwa mgeni. Warusi na Wajerumani waliondoka kwa wingi. Wakazakh, ambao mwaka 1989 walikuwa karibu 40% ya watu, walikuwa zaidi ya nusu miaka kumi baadaye, na uzazi wa nchi ukapanda tena hadi kupita watoto 3. Nani anajiona yuko nyumbani na nani ana sanduku karibu na mlango: hilo nalo linaingia kitandani.

Kongo haikufuata njia ya Ujerumani. Uchunguzi wa kitaifa wa 2007 ulipata wastani wa watoto 6.3 kwa mwanamke, ule wa 2013–2014 ukapata 6.6, baada ya vita viwili na uchumi kuzama. Wageni hushangaa. Lakini Mjerumani aliyesitisha kuzaa alikuwa na dawa za kuzuia mimba, na alikuwa na pensheni, hata ikiwa ndogo. Hapa, katika uchunguzi huo wa 2013–2014, wanawake wa ndoa waliotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa takriban 8%. Pensheni ya mzee ni mtoto, na mtoto mmoja si pensheni ya kuaminika ukikumbuka ni wangapi wanazikwa kabla ya miaka mitano. Na tazama umbali ndani ya nchi moja: uchunguzi huo ulipata 8.2 Kasai Magharibi na 4.2 Kinshasa. Kinshasa imejaa Baluba wa Kasai. Wakihamia mjini, binti zao wakimaliza sekondari, wanazaa kama watu wa Kinshasa. Shule ya msichana inafuta tofauti ambayo tulidhani imeandikwa kwenye mifupa.

Kama unataka takwimu kamili za kila kabila Lubumbashi, sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984. Chunguzi za afya zilizofuata ziliwauliza wanawake kabila lao, kisha zikayakusanya makabila katika makapu makubwa. Kapu moja linaitwa “Kasai, Katanga, Tanganyika”. Yaani waliofukuzwa na waliowafukuza wamewekwa pamoja, wakapigiwa wastani mmoja. Nikiona mtu anaandika kwa uhakika kwamba kabila fulani la Lubumbashi linazaa kiasi fulani, namuuliza amechota kwenye kapu gani.

Sheria nayo imeshika upande. Kanuni ya Familia ya 1987 inalazimisha mali kwa kila ndoa, na kifungu chake cha 591 kinasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba. Katika urithi, robo tatu za vitu alivyoacha marehemu zinakwenda kwa watoto wake. Kwa Muluba hakuna jipya. Kwa Mubemba au Musanga ni mapinduzi ya kimyakimya, kwa sababu zamani mpwa ndiye aliyerithi, na mwanamume aliwekeza kwa watoto wa dada yake. Marekebisho ya 2016 yalipandisha umri wa msichana kuolewa hadi 18, uliokuwa 15. Ofisi ya serikali inaifuata sheria hiyo. Katika ua wa Katuba bado mjomba anauliza swali lake.

Na kwa nini aliuliza? Hilo nililijua baadaye siku ile ile, tulipokuwa tumesogeza viti kivulini na ugali umeshaliwa. Mzee alikuwa na dada, aliyeolewa na Muluba wa Kasai fundi wa reli. Mwaka 1993 mume alipanda treni na watoto wanne. Dada alibaki, kwa sababu ndugu walimwambia hawezi kuishi Kasai, na kwa sababu mume alisema watoto ni wake. Wawili walirudi baada ya miaka, watu wazima, hawajui Kibemba. Wawili hakuna aliyesikia habari zao. “Sikuwa nauliza mali,” mjomba alisema. “Nilikuwa nauliza, siku ile ikirudi, nani atanipigia simu.”

Mzee wa upande wetu alikuwa anamsikiliza akiwa ameinamia magoti. Naye alipanda treni ile, akiwa na mke mjamzito, na mtoto aliyezaliwa njiani alizikwa kando ya reli kabla ya Kamina. Hakuwa amelisema jambo hilo mbele yetu hata mara moja, na sisi ni majirani zake wa miaka ishirini.

Aliomba kalamu. Ile orodha ya mali ilikuwa bado mezani, ina alama ya mafuta ya kuku. Chini ya mbuzi, suti, kikwembe na dola, akaandika jina la mjomba na nambari yake ya simu, akasema mtoto wa kwanza akizaliwa, simu ya kwanza itaita kwake, na siku nyingine yoyote pia. Mjomba akavaa miwani, akaisoma nambari mara mbili, akasahihisha tarakimu moja.